Faini Isiyolipwa Hulifuata Jina Lililo Katika Daftari la Magari

Yafuatayo ni maneno ya hotuba juu ya faini za magari, uandikishaji wa magari, na njia za kulipa.

Neno ninalotaka kulizungumza leo ni neno la sheria na la fedha pamoja, nalo lawahusu watu wengi kuliko wale wanaoketi nyuma ya usukani. Lamhusu mkulima aliyenunua pikipiki ili apeleke maziwa yake sokoni. Lamhusu mwalimu aliyeuza motokaa yake kuukuu kwa jirani. Lamhusu mjane aliyeachiwa matatu na marehemu mumewe. Neno lenyewe ni faini iliyotozwa kwa sababu ya gari, ikaachwa bila kulipwa, na jinsi deni hilo linavyomfuata mtu ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la magari.

Watu wengi hudhani ya kuwa faini ni jambo la siku moja: polisi amesimamisha gari, hati imeandikwa, gari limeondoka, na habari imekwisha. Sivyo. Hati ile ina namba ya gari, na namba ya gari ina jina la mtu. Madhali jina lipo, deni lina pa kurudi. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini kabla ya kulipa yafaa mtu ajue deni ni la nani, limetoka wapi, na lalipwa kwa njia gani.

DAFTARI LA MAGARI

Sheria yetu kubwa ya barabarani ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, na ingawa imerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo, misingi yake mingi ingalipo. Msingi mmoja ni huu, kwamba kila motokaa, lori, basi na pikipiki itumikayo barabarani sharti iandikwe katika daftari la Serikali, ipewe namba, na jina la mwenyewe liandikwe pamoja nayo. Siku hizi daftari hilo hutunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ijulikanayo kwa herufi NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Sheria yasema kwamba mtu ambaye gari limeandikwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitike vingine. Tafadhali yaangalieni maneno hayo ya mwisho. Serikali haina haja ya kwenda kijijini kuuliza majirani gari ni la nani. Hufungua daftari na kusoma. Anayesema, "Gari hili si langu tena," yeye ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Sheria hiyo hiyo yamlazimu mwenye gari, akiulizwa na polisi, aseme ni nani aliyekuwa akiliendesha wakati kosa lilipotendeka. Hawezi kusema tu, "Sijui," kisha akaenda zake. Imempasa aonyeshe ya kuwa hakujua, na kwamba hata kama angefanya bidii ya kutafuta asingeweza kujua. Kwa hiyo mtu mwenye matatu mbili na madereva wanne wanaopokezana, wala hana daftari dogo la kuandika nani ameshika usukani siku gani, amejiweka mahali pabaya.

KUUZA GARI BILA KUHAMISHA JINA

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Sheria yaagiza kwamba mtu akiuza gari, amjulishe mwandikishaji katika muda wa siku 7, naye mnunuzi asilitumie barabarani zaidi ya siku 14 bila kuandikwa kuwa mwenyewe mpya. Amri hiyo ni rahisi, lakini mara ngapi huvunjwa!

Tuseme mwalimu mmoja ameuza motokaa yake mwezi wa Januari. Wameandikiana karatasi, fedha zimehesabiwa, funguo na kitabu cha gari vimetolewa, na mnunuzi amekwenda zake mjini. Kila mmoja amefurahi. Mnunuzi asema, "Nitabadilisha jina mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unakuja, ada ya shule inadaiwa, jambo linasahauliwa. Pengine mnunuzi naye analiuza gari kwa mtu wa tatu, kwa kitabu kile kile chenye jina la mwalimu. Mwezi wa Agosti gari hilo linazuia njia mjini, au linapita kwa mwendo wa kasi, au linamgonga mtu. Jina linalosomwa katika daftari ni la nani? Ni la mwalimu, ambaye hata rangi ya gari amekwisha kuisahau.

Ni kweli mwalimu huyo aweza kujiokoa akiwa na karatasi ya mauzo yenye tarehe na sahihi. Lakini hesabuni nauli ya kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea, na wasiwasi wa nyumbani. Na kama karatasi imeliwa na mchwa, taabu yake huwa kubwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mnunuzi naye asidhani kuwa yeye yu salama. Amelipa fedha zake, lakini mbele ya daftari bado si mwenye gari. Hawezi kuliuza kwa njia iliyo sawa, hawezi kulitia rehani benki, na likikamatwa itambidi amtafute mtu wa zamani ili alitoe. Jambo hili huwapata hasa vijana wa boda boda, ambao hununua pikipiki zilizokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne.

Na ikiwa mwenye gari amefariki, warithi wasiendelee kulitumia kwa miaka mingi kwa jina la marehemu. Jina huweza kuhamishwa baada ya mahakama kutoa hati ya kusimamia mali ya marehemu. Hati hiyo huchukua muda, basi heri kuiomba mapema.

FAINI HUTOZWAJE

Kwa desturi faini hutokana na hukumu ya mahakama: mtu hushtakiwa, husikilizwa, na akionekana ana hatia hutozwa. Lakini kwa makosa madogo sheria imetoa njia fupi. Polisi huweza kumpa mtu hati ya kumjulisha kosa lake, naye akikubali kosa hulipa kiasi kilichowekwa bila kusimama kortini. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zilitaja viwango vya faini hizo. Nitavitaja vichache ili mvijue.

Asiyefunga mkanda gari likiwa linakwenda, Sh. 500. Anayetumia simu akiendesha, Sh. 2,000. Dereva asiyechukua leseni yake, Sh. 1,000. Mwenye pikipiki asiyevaa mavazi ya kujikinga, Sh. 1,000, na anayechukua abiria zaidi ya mmoja, Sh. 1,000 vile vile. Anayezuia njia, Sh. 10,000. Gari lisilo na namba zinazotakiwa, Sh. 10,000, na lile lililopaswa kukaguliwa lakini halina cheti cha ukaguzi, Sh. 10,000. Anayezidisha mwendo uliowekwa kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa, Sh. 500, kwa kilomita 11 hadi 15, Sh. 3,000, na kwa kilomita 16 hadi 20, Sh. 10,000.

Kumbukeni ya kuwa hati ya polisi si hukumu. Mtu anayeamini kwamba hakutenda kosa ana haki ya kwenda mbele ya hakimu na kusema neno lake. Lakini hana haki ya kuikunja hati, kuitia mfukoni, na kuisahau. Hizo ndizo njia mbili, kulipa au kujitetea. Kukaa kimya si njia ya tatu.

Mbali na faini hizo kuna madai ya serikali za kaunti kwa ajili ya kuegesha magari mijini. Gari lisilolipiwa huweza kufungwa gurudumu kwa chuma, na baadaye kuvutwa hadi uwanja wa kuwekea magari. Huko mwenyewe hulipa gharama ya kulivuta na kulihifadhi juu ya deni la kwanza, kwa hiyo deni dogo la asubuhi laweza kuwa kubwa kabla ya wiki kwisha.

ASIYELIPA HUPATWA NA NINI

Mtu aliyeagizwa kufika kortini asipofika, hakimu huweza kutoa hati ya kumkamata. Na aliyekwisha kuhukumiwa kulipa faini asipolipa, mahakama huweza kuamuru mali yake ishikwe na kuuzwa, au afungwe gerezani. Sheria ya Kanuni za Adhabu imeweka ukomo wa kifungo hicho pale ambapo sheria nyingine haikutaja. Faini isiyozidi Sh. 500, kifungo kisizidi siku 14. Faini iliyo zaidi ya Sh. 500 lakini haizidi Sh. 2,500, mwezi 1. Zaidi ya Sh. 2,500 hadi Sh. 15,000, miezi 3. Zaidi ya Sh. 15,000 hadi Sh. 50,000, miezi 6. Na ile inayozidi Sh. 50,000, miezi 12.

Pimeni jambo hili kwa mizani ya nyumbani. Mtu aliyetozwa na mahakama Sh. 3,000, asizitoe, huweza kukaa gerezani hata miezi 3. Katika miezi hiyo shamba lapalilliwa na nani? Pikipiki yaendeshwa na nani? Watoto walishwa na nani? Yafaa mjue pia ya kuwa aliyefungwa kwa kukosa faini akilipa sehemu yake, kifungo hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu hiyo; na akilipa yote hufunguliwa. Basi jamaa zake wasikate tamaa kwa kuwa fedha walizochanga hazijatosha.

MAMBO YA NCHI NYINGINE

Ziko nchi ambazo zimeifunga faini na uandikishaji wa gari kwa kamba moja, nasi twaweza kujifunza kwao, mazuri yao na mabaya.

Afrika ya Kusini ilitunga sheria mwaka 1998, ikajaribiwa kwanza katika miji ya Johannesburg na Tshwane. Chini ya sheria hiyo mtu hupelekewa hati, naye hupewa siku 32. Akilipa ndani ya siku hizo hupunguziwa nusu ya faini. Akitaka kujitetea huandika maelezo yake katika muda huo huo. Akinyamaza hukumbushwa, akizidi kunyamaza hutolewa amri, na amri hiyo ikiisha kuandikwa hawezi kupewa leseni ya gari lake ya mwaka unaofuata mpaka atimize amri hiyo. Gari laweza kuwa zima, lina mafuta na magurudumu mapya, lakini haliruhusiwi kwenda barabarani.

Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, mambo ni karibu na hayo. Gari huandikishwa upya kila mwaka. Mwenye gari akiwa na faini za kuegesha ambazo hakulipa, idara ya magari hukataa kuliandikisha upya mpaka alipe idara iliyomtoza, au alipe faini hizo pamoja na ada ya mwaka. Aliyeuza gari hupewa siku 5 tu kuijulisha idara, ili makosa ya mnunuzi yasije yakahesabiwa kuwa yake.

Lakini watu wa huko waliona hatari moja. Maskini hana fedha za faini, gari haliandikishwi, bila gari hafiki kazini, bila kazi hapati fedha za faini. Ni kama kumfunga ng'ombe kamba fupi kisha kumlaumu kwa kuwa hanywi maji mtoni. Kwa hiyo walitunga sheria nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 2018, ya kwamba mtu mwenye mapato madogo aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kila mwezi kabla ya kuzuiliwa kuandikisha gari lake. Nadhani hilo ni jambo la haki. Madhumuni ya faini ni kumrudi mtu ili asirudie kosa, wala si kumvunja mikono asiweze kufanya kazi.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana mpango mzuri wa kujua deni. Mwenye gari huweza kutazama faini zake kwa kutumia namba ya gari, akapewa namba ya malipo, akalipa kwa simu au benki. Mnunuzi mwenye akili hutazama hivyo kabla ya kutoa fedha zake.

NJIA ZA KULIPA

Sasa nirudi kwetu, nieleze hatua kwa hatua.

Kwanza, hakikisha deni ni la kweli. Soma hati: namba ya gari, tarehe, mahali, na kosa. Linganisha na daftari lako. Matapeli wa siku hizi hutuma habari za uongo kwa simu, wakidai faini na kutaja namba ya kutuma fedha. Usilipe kwa sababu ya habari hiyo peke yake. Ingia mwenyewe katika ukurasa wa Serikali, au nenda ofisini ukaulize.

Pili, lipa mahali pa Serikali tu. Huduma za NTSA hupatikana kwa njia ya eCitizen, na mwaka 2023 namba 222222 iliwekwa kuwa namba ya malipo ya huduma za Serikali. Fedha hulipwa kwa M-Pesa, ambayo twaifahamu sote tangu mwaka 2007, au kwa njia nyingine zinazoonyeshwa hapo. Faini ya mahakama hulipwa kwa kufuata hati ya malipo inayotolewa na mahakama yenyewe. Asiyejua kutumia mitambo hii aende kituo cha Huduma Centre asaidiwe, wala asimkabidhi mtu wa njiani kitambulisho chake na namba yake ya siri.

Tatu, tunza stakabadhi. Ujumbe wa simu usiufute. Andika namba ya malipo katika daftari, pamoja na namba ya kesi au ya hati. Kisha, baada ya siku chache, hakikisha ya kuwa deni limeondolewa. Makarani nao ni binadamu. Aliye na stakabadhi hutatua kosa kwa dakika tano, na asiye nayo hubishana siku nzima.

Nne, kama huna fedha, sema mapema. Mwambie hakimu hali yako, umwombe muda. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 nayo yaipa mahakama uwezo, kwa makosa yasiyo mazito sana, kumpa mtu kazi ya manufaa ya umma badala ya kumtia gerezani. Hakimu hawezi kuona mfuko wako; ni wewe utakayemweleza.

Tano, usitoe "kitu kidogo." Mtu akikwambia, "Nipe elfu moja, nitaichana hati," jihadhari. Fedha hiyo haina stakabadhi, haiondoi deni katika daftari, na kesho yake huenda ukadaiwa tena faini nzima. Tena Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humhesabu anayetoa na anayepokea kuwa wote wawili ni wakosaji.

KABLA YA KUNUNUA, NA BAADA YA KUUZA

Namalizia kwa mashauri machache kwa wanunuzi na wauzaji.

Ewe mnunuzi, kabla ya kutoa fedha omba nakala ya habari za gari kutoka NTSA. Tazama jina lililoandikwa: je, ndilo la mtu aliyesimama mbele yako? Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo katika kitabu. Angalia kama benki au chama cha akiba kina haki juu ya gari hilo. Muulize muuzaji habari za kesi na faini, na maneno yake yaandikwe katika karatasi ya mauzo. Kisha jina lihamishwe siku ile ile, wote wawili mkiwa pamoja. Dalali akisema, "Hilo tutalifanya baadaye," mwambie, "Na fedha zangu basi nitazileta baadaye."

Ewe muuzaji, usiridhike na fedha pekee. Andika saa na tarehe ya kukabidhi gari, weka nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, na ufuate jambo mpaka uone jina lako limeondoka katika daftari.

Nawe mwenye gari uliyeajiri dereva, pataneni tangu mwanzo: faini ya mwendo wa kasi ni ya dereva, na faini ya gari bovu au lisilokaguliwa ni ya mwenye gari. Si haki kumkata dereva mshahara kwa ajili ya magurudumu ambayo wewe ulikataa kuyabadilisha.

Mabibi na Mabwana, barabara ni ya watu wote. Aendaye kwa miguu, apandaye basi na aendeshaye lori wote waitegemea sheria moja. Jueni ni magari gani yaliyoandikwa kwa majina yenu, na yale mliyokwisha kuyauza yaondoeni. Lipeni yanayopasa kulipwa, na yasiyo ya haki yapelekeni mbele ya hakimu. Mkifika nyumbani jioni ya leo, fungueni sanduku la karatasi, mtazame kitabu cha gari kina jina la nani. Kazi hiyo haitozwi hata senti moja.